Sindano za Kichina, chuku na dawa za miti: Tuchukue lipi, tuache lipi?

Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu tiba za Kichina, yaani sindano za akupancha, kuumika kwa vikombe, na dawa za miti zinazouzwa katika vidonge, chai na mafuta ya kuchua. Nimeona tulizungumze kwa kirefu kwa sababu hapa Bariadi, na katika mkoa wetu wote wa Simiyu, kuanzia Maswa na Meatu hadi Itilima na Busega, maswali juu ya tiba hizi hayaishi. Anauliza mzee mwenye mgongo, anauliza mama mwenye sukari, anauliza kijana anayetafuta nguvu. Baadhi wanauliza kama zinatibu. Wengine wanauliza kama ni halali.

Kinachonisukuma kuandika si kutaka kuwatia watu hofu. Ni kwamba mgonjwa anapochagua tiba isiyomfaa hupoteza vitu viwili kwa pamoja: fedha na muda. Fedha inaweza kurudi baada ya msimu wa pamba. Muda, kwa baadhi ya maradhi, haurudi tena. Hivyo basi tuyatazame mambo haya moja baada ya jingine, kwa macho ya dini na kwa macho ya utabibu.

Tiba hii ni nini na ilitufikiaje?

Tiba ya asili ya Kichina ni elimu kongwe yenye zaidi ya miaka 2000. Ndani yake yamo matumizi ya mimea, kuchua mwili, mazoezi, kuumika, kuchoma majani makavu karibu na ngozi ili kuleta joto, na kuchoma sindano. Sindano ya akupancha si sindano ya kupitishia dawa. Ni uzi wa chuma usio na tundu, mwembamba sana, unene wake mara nyingi ni kama robo ya milimita. Mtaalamu huzichoma kadhaa katika sehemu maalumu za mwili na kuziacha kwa dakika 15 hadi 30. Mgonjwa huhitajika kurudi mara nyingi, kwa wiki kadhaa.

Wapo wanaodhani kuwa Waislamu na tiba hii walikutana jana tu. Sivyo. Wakati Wamongolia walipotawala China, matabibu wa Kiislamu walifanya kazi huko, na kikaandikwa kwa Kichina kitabu kiitwacho Huihui Yaofang, maana yake dawa za Waislamu. Upande wa pili, mwaka 1313 huko Uajemi, waziri na tabibu Rashid al-Din alisimamia kitabu kiitwacho Tansuqnama, kilichofasiri elimu ya tiba ya Wachina kwa Kiajemi. Waliotutangulia hawakuikimbia elimu kwa sababu ya kabila la mwenye nayo. Waliichukua, wakaichambua.

Hapa Tanzania, timu za madaktari kutoka China zimekuwa zikija Zanzibar tangu miaka ya 1960, na Tanzania Bara tangu mwaka 1968. Wanaokuja Bara hutoka jimbo la Shandong, na wanaokwenda Zanzibar hutoka jimbo la Jiangsu. Majirani zetu wa Musoma wamewahi kutibiwa nao kwa miaka mingi. Ikumbukwe kuwa wengi wa madaktari hao ni wapasuaji na mabingwa wa hospitali za kawaida, ingawa miongoni mwao wamekuwapo wataalamu wa sindano. Mwaka 1987 ulianza pia mpango wa Muhimbili na wataalamu wa China wa kutumia dawa za miti kwa wagonjwa wa UKIMWI, wakati ambapo dawa za kufubaza VVU zilikuwa bado hazijapatikana. Leo dawa hizo zipo na hutolewa bure katika vituo vyetu. Kwa hiyo anayekwambia uziache ili unywe chai ya majani, anakurudisha nyuma miaka mingi.

Je, Mwislamu anaruhusiwa?

Asili ya kujitibu katika Uislamu ni ruhusa, bali ni jambo lililohimizwa. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila ya kuteremshwa dawa yake, na yeye mwenyewe aliumikwa. Hakutuwekea sharti kuwa dawa itoke kwa Mwislamu au kwa Mwarabu. Lakini ruhusa hiyo ina mipaka, na mipaka yenyewe tunaweza kuikusanya katika mambo manne.

Kwanza ni itikadi. Wachina wa kale walieleza kuwa sindano hurekebisha nguvu iitwayo chi inayopita katika njia maalumu mwilini. Vipimo vya kisasa havijaziona njia hizo. Huna haja ya kuyaamini maelezo hayo ili sindano ikupunguzie maumivu. Mwenye kuponya ni Allah (s.w.), na sindano ni sababu tu kama zilivyo sababu nyingine. Lakini tiba ikichanganywa na ramli, hirizi au kutajiwa nani amekuroga, toka hapo. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua vizuri ramli zimefanya nini. Zimewaua bibi zetu vikongwe wasio na hatia.

Pili ni kile kinachoingia mwilini. Baadhi ya dawa za Kichina huchovywa katika mvinyo, na nyingine hutengenezwa kwa viungo vya nguruwe au hata kondo la nyuma la mwanadamu. Hili tutalirudia hapa chini.

Tatu ni sitara. Sindano huhitaji mwili kufunuliwa. Mwanamke atibiwe na mwanamke akipatikana. Asipopatikana, basi isifunuliwe zaidi ya sehemu inayohitajika, na asikae peke yake chumbani na mwanamume. Mume au maharimu wake aingie naye. Mtoa huduma anayekataa jambo hilo hafai kupewa mwili wa mtu.

Nne ni kutojidhuru. Hairuhusiwi kujitia katika maangamizi kwa jina la tiba. Sehemu kubwa ya somo hili ni juu ya mpaka huu wa nne.

Ama kuhusu funga, wanazuoni wengi wa zama zetu wanasema sindano isiyopeleka lishe mwilini haifunguzi. Kuumika kwa kutoa damu kuna khitilafu: kwa madhehebu ya Imam Shafii hakufunguzi, na kwa madhehebu ya Imam Ahmad kunafunguza. Damu inayotoka kwa kuchanjwa haitengui udhu kwa Mashafii, na kwa Mahanafi inatengua. Mwenye shaka aumikwe usiku baada ya futari, na mengine amuulize sheikh wake.

Sindano zinasaidia nini hasa?

Hapa panahitaji uadilifu. Wapo wanaosema zinatibu kila kitu, na wapo wanaosema ni uongo mtupu. Wote wamevuka mpaka.

Tuchukue maumivu ya mgongo, kwa sababu ndiyo maradhi ya mkulima wa pamba. Palilia umeinama, vuna umeinama, kisha beba gunia na ndoo. Mwaka 2007 madaktari wa Ujerumani walitoa matokeo ya utafiti wao kwa wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Waliwagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilichomwa sindano za Kichina kama inavyofundishwa. Kundi la pili lilichomwa sindano za juu juu, mahali pasipo penyewe, bila ya kujua. Kundi la tatu lilipewa tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu katika kundi la kwanza walikuwa karibu 48 katika kila 100. Kundi la pili 44. Kundi la tatu 27.

Tafakari tarakimu hizo. Waliochomwa walipata nafuu kuliko wasiochomwa. Lakini kuchomwa mahali penyewe na kuchomwa popote kulikaribiana sana. Maana yake ni kuwa faida ipo, ila sehemu kubwa yake huenda inatokana na mwili kuchomwa, kupumzishwa, na mgonjwa kusikilizwa na kuwa na matumaini. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu ya mgongo ya muda mrefu, na ndani yake sindano hizi zimewekwa miongoni mwa njia zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi, elimu kwa mgonjwa na baadhi ya dawa. Aidha kuna ushahidi kuwa zinapunguza maumivu ya kichwa ya kipandauso na kichefuchefu baada ya upasuaji.

Kwa ufupi, zinaweza kusaidia maumivu. Haziui vijidudu vya malaria, haziondoi VVU, hazitibu kifua kikuu, haziyeyushi saratani, wala hazichukui nafasi ya dawa ya shinikizo la damu au ya kisukari. Anayekuahidi hayo anakuuzia maneno.

Na kama huna nauli ya kuzifuata sindano mji wa mbali, usidhani umenyimwa tiba. Mgongo wa kawaida unataka mwendo. Usilale kitandani siku nyingi. Tembea, fanya kazi nyepesi, kanda kwa kitambaa cha maji ya moto, chuchumaa kwa kukunja magoti unapoinua mzigo badala ya kuinama kiuno, na gawa ndoo moja kubwa kuwa mbili ndogo. Swala iliyo nzito kwako swali umekaa. Ni ruhusa kutoka kwa Mola wako.

Maumivu ya mgongo yasiyosubiri

Sasa soma kwa makini sehemu hii, kisha umsomee na mzee wako. Si kila mgongo ni wa jembe.

Chukua mfano wa mkulima mwenye miaka 45 anayelalamika mgongo kwa miezi minne. Jioni anapata homa, usiku anatokwa jasho, suruali zinampwaya. Akienda kuchomwa sindano au kupigwa chuku atapata nafuu ya siku mbili tatu, atarudi tena, na atarudi tena. Kumbe ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vimelea vinakula pingili polepole mpaka mgongo unatoa kinundu na miguu inakufa ganzi. Ugonjwa huu una dawa, na dawa yake hutolewa bure. Akiwahi, hutembea. Akichelewa, anaweza kupooza maisha yake yote.

Mwingine ni mfugaji anayekunywa maziwa mabichi. Anaumwa mgongo, nyonga na viungo, na homa inakuja na kuondoka. Huyo apimwe ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao humpata binadamu pia. Mwingine ni mzee wa miaka zaidi ya 60 ambaye anaumwa mgongo hata akiwa amelala, na mkojo unatoka kwa shida. Huyo apimwe tezi dume, kwani saratani yake hupenda kusambaa kwenye mifupa ya mgongo.

Kwa hiyo, usiende kwenye sindano wala chuku kabla ya kupimwa kituo cha afya ukiwa na mojawapo ya haya: homa, kupungua uzito, jasho la usiku, maumivu makali usiku, kinundu mgongoni, kuanguka au ajali, au ukiwa umewahi kuugua saratani. Na ukiona miguu inalegea, sehemu za siri zinakufa ganzi, au haja ndogo au kubwa imezuia au inatoka yenyewe, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.

Usafi: sindano, wembe na kikombe

Sisi Wasukuma tunaijua chuku ya pembe. Waislamu tunaijua hijama. Wachina wanatumia vikombe vya kioo au mianzi. Njia ni moja, na hatari yake ni moja: damu ya mtu mmoja kumgusa mwingine.

Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili, juu ya kitu kikavu, kwa siku 7 au zaidi. Wembe ulioonekana msafi jana unaweza kumwambukiza mtu leo. Na homa hiyo huweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi, kisha ikaleta kuharibika kwa ini na saratani ya ini. VVU navyo hupita katika wembe unaochangiwa. Wapo wanaosema tunapitisha wembe kwenye moto wa mshumaa au tunaufuta kwa spiriti. Hiyo haitoshi. Kuunguza juu juu na kufuta hakuondoi kila kijidudu.

Kanuni ni hizi, na zote ni za lazima:

1. Sindano au wembe uwe mpya, ndani ya pakiti iliyofungwa, ufunguliwe mbele ya macho yako, utumike kwako tu na kutupwa. Hata baba na mtoto wasichangie.

2. Anayekutibu anawe mikono kwa sabuni na avae glovu mpya. Ngozi yako isafishwe kabla ya kuchomwa.

3. Kikombe kilichogusa damu ama kitupwe, ama kichemshwe kwa mvuke wa shinikizo katika mashine ya hospitali. Pembe haiwezi kusafishwa kwa namna hiyo, hivyo isitumike kutolea damu.

4. Sindano na nyembe zilizotumika ziingie katika boksi gumu, si jalalani ambako watoto huchezea. Pamba zenye damu zichomwe au zizikwe.

5. Anayefanya kazi ya hijama apate chanjo ya homa ya ini, dozi 3 ndani ya miezi 6, kwa faida yake na ya anaowahudumia.

Twahara kwetu ni sehemu ya imani. Haiwezekani mtu akajitahidi kusafisha tone la mkojo kwenye kanzu, kisha akakubali damu ya mtu asiyemjua iingie mwilini mwake kwa jina la sunna.

Aidha wapo ambao wasitolewe damu kabisa: mjamzito, mwenye upungufu wa damu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye seli mundu. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye seli mundu, na damu yao tayari ni haba. Sindano za kifuani na mabegani nazo ni za mtaalamu aliyesomea, kwani ikizama sana hutoboa pafu. Mtu akibanwa na pumzi au maumivu ya kifua baada ya kuchomwa, apelekwe hospitali mara moja. Na mwenye kisukari ambaye miguu yake haina hisia asichomwe kwa joto la majani, kwa sababu ataungua bila ya kujua na kidonda hicho kinaweza kumkatisha mguu.

Dawa za miti: funzo la mseto

Mtu akisema dawa za miti za Kichina hazina kitu, mwambie aangalie kidonge cha mseto nyumbani kwake. Asili yake ni mti uitwao kwa Kichina qinghao. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha kazi ya kutafuta dawa mpya ya malaria. Mwanamama mmoja mtafiti, Tu Youyou, alipekua vitabu vya kale na kukuta maelezo ya tabibu Ge Hong, aliyeishi miaka zaidi ya 1600 iliyopita, ya kuloweka mti huo katika maji na kuukamua. Hakusema chemsha. Akafahamu kuwa huenda moto ndio unaoiharibu dawa, akaitoa kwa njia isiyo na joto kali, na mwaka 1971 dawa hiyo ikaua vimelea vya malaria katika wanyama wa majaribio. Kisha yeye na wenzake wakaimeza wao wenyewe kwanza kupima usalama wake. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Tanzania ilianza kutumia dawa mseto ya ALu kama dawa ya kwanza ya malaria katika mwaka 2006.

Mafunzo hapa ni matatu. La kwanza, elimu ya kale isidharauliwe. La pili, isichukuliwe bila ya kupimwa. Mti ule ulichujwa, ukapimwa kipimo chake na kuchanganywa na dawa nyingine. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya mti huo itumike kutibu malaria: kipimo chake hakijulikani, na dawa kidogo isiyotosha huwafundisha vimelea usugu. La tatu linatugusa sisi moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa mkoani Kagera, Kanda ya Ziwa hii hii, kuna vimelea vya malaria vilivyoanza kuwa vigumu kwa sehemu ya dawa hiyo. Kwa hiyo maliza dozi ya siku 3, mara 2 kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta kama maziwa au karanga. Usimwachie jirani vidonge viwili vilivyobaki.

Kilichofichwa ndani ya kidonge

Neno "asilia" kwenye boksi halimaanishi salama. Mwaka 2008 huko Singapore watu 150 wasiokuwa na kisukari walilazwa hospitali kwa sukari kushuka ghafla. Baadhi yao walikiri kutumia dawa za kuongeza nguvu za kiume zilizouzwa kinyume cha sheria, na ndani yake palikuwa na dawa ya kisukari kwa kiwango kikubwa. Wanne walifariki. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipunguza uzito kwa mitishamba ya Kichina waliharibikiwa figo, kwa sababu mti mmoja ulibadilishwa na mwingine wenye sumu iitwayo asidi ya aristolokiki. Sumu hiyo huleta pia saratani ya njia ya mkojo.

Dawa nyingine za viungo zimewahi kukutwa na steroidi ndani yake. Mgonjwa hupona kwa wiki moja na kusifu sana, kisha uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, na akiacha ghafla huzimia. Mti uitwao mahuang hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na Marekani ilipiga marufuku bidhaa za lishe zenye mti huo mwaka 2004. Mzizi mtamu uitwao gancao, ambao Waarabu wanauita sus, ukitumiwa sana hupandisha shinikizo la damu na kushusha madini ya potasiamu.

Ndugu yangu mwenye presha, kisukari au VVU, usiache dawa zako na usizichanganye na za miti kwa siri. Njoo nazo kituoni, na boksi lake. Tabibu mwema hakugombezi. Anataka kujua umemeza nini.

Mafuta ya kuchua na mtoto mchanga

Mama, kile kikopo kidogo cha mafuta makali ya kuchua ni kizuri kwa misuli ya mtu mzima. Lakini ndani yake kuna mentholi na kafuri, ile karafuu maiti tunayoijua katika kuosha maiti. Ukimpaka mtoto mchanga puani au kifuani, pumzi yake inaweza kukatika. Mtoto akilamba, kafuri humletea degedege. Kiwekwe juu, mbali na mikono yake. Mtoto mwenye mafua asafishwe pua kwa maji yenye chumvi kidogo na anyonyeshwe. Akipumua haraka au kifua kikibonyea ndani, akimbizwe zahanati.

Punda na kakakuona

Tulisema tutarudi kwenye halali. Kuna dawa ya Kichina iitwayo ejiao, husemwa kuongeza damu, na hutengenezwa kwa ngozi ya punda iliyochemshwa. Kwa jumhuri ya wanazuoni punda wa kufugwa haliwi. Kwetu Simiyu punda ndiye anayebeba maji na pamba, na wizi wa punda kwa ajili ya ngozi ni wizi wa mkokoteni na mgongo wa mama. Machinjio ya punda yalikuwapo Shinyanga na Dodoma, na serikali ikayafunga. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Mwenye upungufu wa damu apimwe sababu yake, kama ni minyoo, malaria, seli mundu au lishe. Vidonge vya madini ya chuma mjamzito hupewa kliniki.

Magamba ya kakakuona nayo hutafutwa kwa dawa, na sisi tumepakana na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Magamba hayo hayana tofauti na kucha. Biashara yake ya kimataifa imezuiwa tangu 2017, na mwaka 2020 China yenyewe iliyaondoa katika orodha yake rasmi ya dawa. Kijana akikutwa nayo, familia inampoteza gerezani kwa kitu kisichotibu.

Uulize nini kabla ya kutoa fedha?

Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake husajili watoa tiba na dawa zao. Basi uliza haya bila ya aibu:

1. Umesajiliwa? Naomba kuona cheti.
2. Nimeshapimwa ugonjwa wangu hospitali, au tunakisia?
3. Sindano ni mpya? Ifungue hapa nione.
4. Dawa hii ina nini ndani? Lebo iwe ya lugha inayosomeka. Boksi lenye Kichina kitupu liache.
5. Nitakuja mara ngapi, na gharama yote ni kiasi gani? Ikipita muda gani bila ya nafuu tutaacha?

Asiyeweza kujibu hayo, muage kwa adabu.

Msomaji wangu, kila mmoja amechukuliwa dhamana ya mwili wake na wa walio chini yake. Katika nyumba yako kuna mzee mwenye mgongo, mama mwenye sukari au mtoto mwenye mafua. Wiki hii fanya jambo moja kwa ajili yao: kusanya kila dawa iliyomo ndani, ya miti na ya hospitali, uitie mfukoni, na uipeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe ikaangaliwe. Safari hiyo haina gharama kubwa, na huenda ikaokoa figo au mguu wa mtu.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu na atupe elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.